Mikono Isiyoonekana: Historia ya Kutengenezwa kwa Filamu ya The Fabulous Baker Boys

Tarehe 13 Oktoba 1989, kampuni ya 20th Century Fox ilianza kuonyesha nchini Marekani filamu iitwayo The Fabulous Baker Boys. Ni tamthilia ya ndugu wawili, Frank na Jack Baker, wanaojipatia riziki kwa kupiga piano mbili katika kumbi za hoteli za mji wa Seattle. Iliandikwa na kuongozwa na Steve Kloves, kijana wa miaka 29 ambaye hakuwa ameongoza filamu nyingine kabla ya hiyo. Waigizaji wakuu ni watatu: Jeff Bridges, kaka yake Beau Bridges, na Michelle Pfeiffer. Wengi wanaoikumbuka filamu hii leo humkumbuka Pfeiffer akiwa juu ya piano, amevaa gauni jekundu, akiimba. Katika insha hii ninauliza swali ambalo picha hiyo hulifunika: nani anayeipiga piano ile?

Macho hujibu kwamba ni Jeff Bridges. Masikio, yakielezwa ukweli, hujibu kwamba ni Dave Grusin, mtunzi wa muziki wa filamu, ambaye hayumo katika picha hiyo. Hoja yangu ni kwamba filamu inayosimulia maisha ya wanamuziki ambao wateja wa hoteli hawawatazami ilitengenezwa kwa kutegemea wanamuziki ambao watazamaji wa filamu hawawaoni. Anayeandika historia ya filamu hii bila kuihesabu mikono hiyo anarudia kosa la wateja wale waliokuwa wakizungumza huku Frank na Jack wakipiga. Nitaanza na hadithi yenyewe, kisha nitaeleza kazi halisi ya wanamuziki wa hotelini na jinsi ilivyodidimia, ndipo niingie katika utengenezaji wa filamu na hatima yake.

Hadithi ni fupi. Frank ndiye mkubwa. Ana mke, watoto na nyumba ya kulipia, na ndiye anayeshughulikia mikataba, nyimbo, mavazi na hata maneno ya utani yanayosemwa jukwaani kila usiku. Nywele zake zimeanza kupungua, naye huficha upara kwa kupulizia rangi. Jack ndiye mdogo na ndiye mwenye kipaji. Anaishi peke yake na mbwa mzee, anavuta sigara, hazungumzi sana, na nyakati fulani huenda kupiga jazi katika klabu ndogo ambako watu husikiliza kweli. Kazi inapoanza kupungua, Frank anaamua kutafuta mwimbaji. Wanasikiliza wasichana wengi wasioweza kuimba, mpaka anatokea Susie Diamond, amechelewa na hana adabu nyingi, ambaye kabla ya hapo alilipwa kuwasindikiza wanaume matembezini. Susie anawaletea wateja na fedha. Pia analeta maswali ambayo ndugu wale waliyakwepa kwa miaka mingi.

Neno la Kiingereza lililomo katika jina la filamu huwaita wote wawili vijana, bila kusema nani mkubwa na nani mdogo. Msomaji wa Kiswahili hawezi kuisimulia hadithi hii bila kulitaja jambo hilo, kwa sababu lazima aseme kaka au mdogo wake. Katika Kinyarwanda, lugha ya nyumbani kwetu, tofauti hiyo iko wazi zaidi: mwanamume humwita ndugu yake mukuru au murumuna. Nimeona kwamba tukiisoma filamu kwa maneno haya, ugomvi wake unaeleweka upesi. Frank amebeba mzigo wa mkubwa: kulisha, kupanga, kunyenyekea kwa mwenye hoteli ili kazi isikatike. Jack amebeba mzigo wa mdogo: kutii, na kukubali kipaji chake kitumike kwa nyimbo zilezile za kuwafurahisha walevi. Kila mmoja anaamini kwamba yeye ndiye aliyejinyima kwa ajili ya mwenzake, na kila mmoja ana haki kiasi.

Ili kuelewa kwa nini ndugu hawa wanahofia kukosa kazi, inafaa tuitazame historia ya kazi yenyewe. Mwanzoni mwa karne ya 20, mwanamuziki wa kawaida nchini Marekani alikuwa na sehemu nyingi za kupata mshahara. Filamu zilikuwa bubu, kwa hiyo majumba ya sinema yaliajiri wapiga piano, wapiga kinanda na hata okestra nzima. Mwezi Oktoba 1927 kampuni ya Warner Bros. ilionyesha The Jazz Singer, filamu yenye sehemu za kuimba na kuzungumza, na baada ya miaka michache tu maelfu ya wanamuziki wa majumba ya sinema walikuwa wamepoteza ajira. Sinema haikuacha kutumia muziki, ila sasa ulirekodiwa mara moja mjini Los Angeles au New York na kupelekwa kila mahali. Okestra moja ilichukua nafasi ya mamia.

Rekodi za santuri na redio ziliendeleza mwendo huohuo. Tarehe 1 Agosti 1942 chama cha wanamuziki wa Marekani, kikiongozwa na James Petrillo, kiliwakataza wanachama wake kurekodi kwa ajili ya kampuni za santuri. Mgomo huo ulimalizika kabisa mwezi Novemba 1944, baada ya kampuni kukubali kulipa fedha katika mfuko wa kugharamia maonyesho ya muziki wa moja kwa moja. Madai ya Petrillo yalikuwa rahisi kueleweka: mwanamuziki anaporekodi, anatengeneza chombo kitakachomnyima kazi kesho. Alishinda vita ile moja, lakini mwendo wa mambo haukubadilika.

Hoteli zilibaki kuwa kimbilio. Mgeni aliyekaa kusubiri chakula au mwenzake alitaka muziki wa kiasi, usiomzuia kuzungumza. Hiyo ndiyo kazi ya Frank na Jack, na ina sharti gumu: mpigaji lazima awe hodari wa kutosha ili asikere, na asiwe hodari kupita kiasi mpaka watu wanyamaze na kuacha kuagiza vinywaji. Piano mbili zilikuwa na soko lake pia. Arthur Ferrante na Louis Teicher, waliofahamiana tangu utotoni katika shule ya muziki ya Juilliard, waliuza santuri nyingi katika miaka ya 1960 kwa kupiga nyimbo za filamu kwa piano mbili. Waliacha kufanya maonyesho mwaka uleule wa 1989.

Kufikia wakati huo televisheni, disko na kanda zilikuwa zimeshaingia hotelini. Kampuni ya Muzak, iliyoanzishwa mwaka 1934, ilikuwa ikisambaza muziki wa kurekodiwa katika ofisi, maduka na kumbi, na mwishoni mwa miaka ya 1980 makao yake makuu yalikuwa Seattle, mji uleule wa ndugu Baker. Mwezi Juni 1989, kampuni ndogo ya santuri ya mji huo, Sub Pop, ilitoa albamu ya kwanza ya kundi la Nirvana. Sidai kwamba Kloves aliyakusudia haya yote alipouchagua mji. Ninachosema ni kwamba mtafiti akiitazama Seattle ya mwaka 1989 atakuta wapiga piano wa hoteli wamebanwa pande mbili: upande mmoja muziki wa waya usiodai mshahara, na upande wa pili vijana wenye magitaa ya kelele ambao hawakuwa na haja ya hoteli.

Sasa tuje kwenye utengenezaji. Kloves alizaliwa mwaka 1960. Mswada wake wa kwanza kufanywa filamu ulikuwa Racing with the Moon, iliyoongozwa na Richard Benjamin na kutolewa mwaka 1984. Katika mfumo wa Hollywood mwandishi huuza mswada, na baada ya hapo hana amri tena juu yake. Mwongozaji akitaka kubadilisha tukio, analibadilisha. Kloves alitaka hadithi ya ndugu Baker aiongoze mwenyewe. Studio kwa desturi huogopa kumkabidhi mtu asiye na uzoefu mamilioni ya dola, hasa kwa hadithi isiyo na bunduki wala mwisho wa furaha, na mswada ulisubiri miaka kadhaa kabla ya kupata njia.

Waliouvusha walikuwa watayarishaji Paula Weinstein na Mark Rosenberg, pamoja na Sydney Pollack aliyekuwa mtayarishaji mtendaji. Jina la Pollack si geni kwa wanafunzi wa Afrika Mashariki. Ndiye aliyeongoza Out of Africa, filamu iliyopigwa nchini Kenya na kutolewa mwaka 1985, ambayo ilipata tuzo ya Oscar ya filamu bora na kumpatia yeye tuzo ya mwongozaji bora. Mhariri wa The Fabulous Baker Boys, William Steinkamp, alikuwa mmoja wa wahariri wa Out of Africa pia, akifanya kazi pamoja na baba yake, Fredric Steinkamp. Hivyo kijana mgeni alizungukwa na watu waliokomaa. Mtu mwenye jina kubwa aliposimama nyuma ya mradi, studio ilipata sababu ya kumwamini mtu asiye na jina.

Uteuzi wa waigizaji nao una uzito wa kihistoria. Beau Bridges alizaliwa mwaka 1941 na Jeff mwaka 1949. Baba yao, Lloyd Bridges, alikuwa mwigizaji aliyejulikana sana kwa mfululizo wa televisheni wa Sea Hunt, ulioonyeshwa kuanzia 1958 hadi 1961, na wanawe walipata kuonekana humo wakiwa watoto. Kwa hiyo Kloves aliwachukua ndugu wa kweli, waliokulia katika kazi ya familia, wakaigiza ndugu waliokulia katika kazi ya familia. Mpangilio wa umri ulibaki vilevile: kaka mkubwa akawa Frank, mdogo akawa Jack. Ndiyo maana ukimya wao unaaminika. Kuna matukio ambamo Frank anazungumza kwa muda mrefu na Jack anamtazama tu, na mtazamaji anatambua kwamba mazungumzo hayo yameshafanyika mara mia.

Lakini ndugu Bridges hawakuwa wapiga piano wa kiwango kilichotakiwa. Hapa ndipo tunapofika kwenye kiini cha insha. Sauti ya piano ya Jack ilipigwa na Dave Grusin, na ile ya Frank ilipigwa na John F. Hammond. Waigizaji walijizoeza kuweka vidole mahali panapolingana na sauti, ili kamera ikisogea isiwaumbue. Tunachokiona ni kazi ya watu wawili, na tunachokisikia ni kazi ya wengine wawili.

Grusin hakuwa mtu wa kuokotwa. Alizaliwa Colorado mwaka 1934, akafanya kazi kama kiongozi wa muziki wa mwimbaji Andy Williams, kisha akatunga muziki wa filamu nyingi, zikiwemo Three Days of the Condor na Tootsie za Pollack. Mapema mwaka 1989 alipokea tuzo ya Oscar kwa muziki wa The Milagro Beanfield War. Alikuwa pia mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya santuri ya GRP. Mtu wa namna hii alitakiwa afanye jambo gumu zaidi ya kupiga vizuri: apige kama Jack. Katika ukumbi wa hoteli alitakiwa apige kwa ustadi uliochoka, kama mtu anayeweza zaidi lakini hajali. Katika klabu ya jazi alitakiwa aufungue ustadi huohuo ili mtazamaji asikie kilichokuwa kimefungiwa. Uigizaji wa Jack uligawanywa kati ya watu wawili: Jeff Bridges aliigiza kwa uso na mabega, Grusin aliigiza kwa vidole.

Kuna jambo moja zaidi ambalo wachambuzi wa filamu hii wanastahili kulitia maanani. Dave Grusin ana mdogo wake, Don Grusin, naye ni mpiga kinanda wa jazi. Mwaka 1988, mwaka mmoja kabla ya filamu kutoka, ndugu hao wawili walitoa albamu ya pamoja iitwayo Sticks and Stones. Kwa hiyo mikono ya Jack, ndugu mdogo wa kubuni, ilikuwa mikono ya kaka mkubwa wa kweli aliyekuwa anajua maana ya kupiga pamoja na ndugu yake. Hatuwezi kupima ni kiasi gani uzoefu huo uliingia katika piano ya filamu. Lakini tukiwataja ndugu Bridges kama ndugu wa kweli waliomo filamuni, haki inatudai tuseme kwamba nyuma ya sauti alikuwepo ndugu mwingine wa kweli.

Michelle Pfeiffer alifuata njia tofauti. Alikuwa ameimba katika Grease 2 ya mwaka 1982, filamu iliyopokelewa vibaya, na kwa miaka iliyofuata hakujulikana kama mwimbaji. Kwa ajili ya Susie alichukua mafunzo ya sauti na akaimba mwenyewe nyimbo zake zote. Uzito wa uamuzi huo unaonekana tukikumbuka desturi ya Hollywood. Marni Nixon alimwimbia Deborah Kerr katika The King and I (1956), Natalie Wood katika West Side Story (1961) na Audrey Hepburn katika My Fair Lady (1964). Kwa muda mrefu Nixon hakuandikwa katika orodha za majina ya filamu hizo. Watazamaji walipenda uso wa mmoja na sauti ya mwingine wakidhani ni mtu mmoja.

Kwa nini basi Pfeiffer aimbe mwenyewe na ndugu Bridges wasipige wenyewe? Jibu la kwanza ni la ufundi: sauti ya miezi michache ya mafunzo inaweza kutosha kwa mwimbaji wa baa, lakini mikono ya mpiga piano huhitaji miaka. Jibu la pili linatokana na mhusika. Susie hakutakiwa awe na sauti iliyokamilika. Alitakiwa awe na sauti ya mtu anayeyaelewa maneno anayoyaimba, yenye mikwaruzo na pumzi inayosikika. Sauti ya kuazima ingekuwa safi zaidi na ya uongo zaidi. Katika filamu nzima Susie ndiye asiyevumilia uongo wa kazi yao. Anagombana na Frank kuhusu wimbo wa Feelings, ambao anaona hakuna atakayeukosa ukiachwa. Ni sawa kabisa kwamba mhusika huyo ndiye pekee kati ya watatu ambaye picha yake na sauti yake ni za mtu mmoja.

Tukio maarufu zaidi linatokea katika mkesha wa Mwaka Mpya, kwenye hoteli ya mapumziko. Frank ameitwa nyumbani kwa dharura ya kifamilia, Jack na Susie wanabaki peke yao jukwaani. Susie anaimba Makin' Whoopee, wimbo wa Walter Donaldson na Gus Kahn uliotoka katika tamthilia ya muziki ya mwaka 1928. Anapanda juu ya piano, na kamera inawazunguka taratibu. Mpiga picha alikuwa Mjerumani Michael Ballhaus, aliyefanya kazi kwa miaka mingi na mwongozaji Rainer Werner Fassbinder. Katika filamu yao ya Martha (1974) Ballhaus alikuwa ameshaizungusha kamera digrii 360 kuwazunguka mwanamume na mwanamke waliokutana. Baadaye alihamia Marekani na kufanya kazi na Martin Scorsese. Mzunguko tunaouona juu ya piano ya Seattle ulitoka mbali.

Linalonivutia katika tukio hili ni lile linalofanywa na mzunguko huo kwa mikono ya Jack. Kamera inapozunguka, mtazamaji anamfuata Susie. Mikono inapita, inafichwa na gauni, inarudi. Hapo mtazamaji wa filamu amekuwa sawasawa na mteja wa hoteli: anasikia piano bila kuitazama. Muziki unafanya kazi yake yote, unasubiri pumzi ya mwimbaji, unajibu utani wake, unamwachia nafasi, na karibu hakuna anayeuona. Kila mpiga piano anayewasindikiza waimbaji anaijua hali hii. Hiyo ndiyo kazi yake, na akiifanya vizuri husahauliwa.

Baada ya usiku huo mambo yanaharibika. Susie anapata kazi ya kuimba matangazo ya biashara ya chakula cha paka na anaondoka. Ndugu wanabaki na vikazi duni, wanafikishwa katika kipindi cha televisheni cha usiku wa manane cha kuchangisha fedha, na hapo Jack anakataa kuendelea. Wanapigana uchochoroni. Katika pigano hilo Jack anaukamata mkono wa Frank na kuvikunja vidole. Angeweza kumpiga usoni, lakini anashambulia kile kinachomlisha kaka yake, na kinachowafunga pamoja. Waswahili husema: ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime, wakipatana, chukua kapu ukavune. Methali hii inamwonya jirani asijiingize, kwa kuwa ndugu watapatana. Filamu inaikubali nusu yake. Ndugu Baker wanapatana, wanakaa nyumbani kwa Frank na kuimba pamoja wimbo wa zamani kwa kucheka. Lakini hawarudi kazini. Frank atafundisha watoto piano, Jack ataenda njia yake, na kapu la mavuno linabaki tupu.

Mapokezi ya filamu yalikuwa na sura mbili. Gharama yake ilikuwa takriban dola milioni 11.5, na mauzo ya tiketi nchini Marekani yalifika takriban dola milioni 18.4. Kwa kuwa majumba ya sinema huchukua sehemu ya mauzo, na matangazo hugharimiwa mbali, kiasi hicho hakikuwa ushindi. Mwaka huohuo Batman iliuza tiketi za zaidi ya dola milioni 250 katika soko hilohilo. Studio zilijifunza somo kutoka kwa takwimu za namna hii, na nafasi ya tamthilia za watu wazima zenye bajeti ya kati ilizidi kubanwa. Kloves aliongoza filamu nyingine, Flesh and Bone, mwaka 1993, kisha akarudi kwenye uandishi. Ulimwengu unamjua zaidi kwa miswada saba kati ya minane ya filamu za Harry Potter. Hapo hatima yake inakaribiana na ya Jack: mtu mwenye sauti yake mwenyewe aliyepata riziki ya kudumu kwa kuwasilisha nyimbo za wengine. Naiona kazi hiyo kuwa ya heshima. Ni uamuzi uleule ambao Frank aliufanya kwa ajili ya familia yake, na ambao filamu yenyewe inakataa kuudharau.

Kwa upande wa tuzo, Pfeiffer alipata Golden Globe ya mwigizaji bora wa kike wa tamthilia pamoja na tuzo za vyama vikuu vya wahakiki vya New York na Los Angeles. Beau Bridges alipata tuzo ya mwigizaji msaidizi kutoka chama cha kitaifa cha wahakiki wa filamu. Filamu iliteuliwa kuwania Oscar nne, za mwigizaji wa kike, upigaji picha, uhariri na muziki, na haikushinda hata moja. Oscar ya mwigizaji wa kike ilikwenda kwa Jessica Tandy, aliyekuwa na umri wa miaka 80, kwa filamu ya Driving Miss Daisy. Grusin alipata tuzo ya Grammy kwa muziki huo.

Chanda chema huvikwa pete, husema methali. Grusin alivikwa pete kwa utunzi. Chanda chenyewe, yaani upigaji uliojenga mhusika, hakina tuzo ya kuwania, kwa sababu Hollywood ina tuzo ya uso na tuzo ya nota lakini haina tuzo ya vidole vilivyokopeshwa. John F. Hammond, aliyekuwa Frank kwa masikio yetu, hutajwa kwa nadra zaidi. Na hili linapatana na filamu kwa namna ya kusikitisha: hata nyuma ya pazia, Jack ndiye anayekumbukwa na Frank ndiye anayesahauliwa.

Kwetu sisi wanafunzi wa historia, somo liko katika mbinu. Tumezoea kuandika historia ya sanaa kwa kufuata jina lililo mbele. Wilson na George Kinyonga, ndugu wawili kutoka Tanga walioanzisha bendi ya Simba Wanyika mjini Nairobi mwaka 1971, wanatajwa katika kila simulizi la muziki wa dansi wa Afrika Mashariki, na wanastahili. Lakini santuri za zama zile kwa kawaida ziliandika jina la bendi na la mtunzi, basi. Nani alipiga besi katika wimbo huu, nani alipuliza saksafoni katika ule, mara nyingi linajulikana kwa wazee waliokuwepo tu, na wazee hao wanaondoka. Kuna kazi inayoweza kufanywa sasa na mwanafunzi mwenye daftari na simu ya kurekodia, kabla haijawa haiwezekani.

Miaka ishirini baada ya The Fabulous Baker Boys, Jeff Bridges aliigiza mwanamuziki mwingine aliyechoka, mwimbaji wa kantri katika Crazy Heart (2009). Safari hii aliimba mwenyewe, na akapata Oscar ya mwigizaji bora. Wahakiki walisifu ukweli wa sauti yake. Sifa hiyo haimpunguzii kitu Jack Baker. Inatukumbusha tu kwamba Jack alikuwa watu wawili, na kwamba mmoja wao alikaa studio akipiga piano vizuri kiasi kwamba tulimwamini mwenzake.